Google Maps au OpenStreetMap: data ya mtaa wenu muiweke wapi?

Mwaka jana niliitwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa mmoja unaopakana na bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Vijana kumi na wawili walikuwa wamezunguka wiki nzima na daftari, wakiandika mabomba ya maji, mitaro, maduka ya dawa, na vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliwezi kupita. Mwenyekiti alilipekua daftari lote, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hivi vitu si viko tayari kwenye simu? Mnachora nini tena?" Akatoa simu yake, akafungua Google Maps, akatuonyesha ofisi yake ikiwa na pini. Kweli ilikuwepo. Bomba lililo hatua ishirini kutoka mlangoni pake halikuwepo, wala mtaro, wala kichochoro hata kimoja.

Vijana wenyewe walikuwa wamegawanyika. Kuna waliotaka kila kitu kiingie Google, maana ndiko watu wanakoangalia. Wengine walikuwa wameshasikia habari za OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kawaida na ambayo data yake iko wazi kwa yeyote, kupitia Ramani Huria, mradi wa kuchora kata za Dar es Salaam, nao hawakutaka kusikia jingine. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Naandika hapa yale tuliyoyapima, kwa sababu swali hilohilo huwa naulizwa na kamati za maji, vijiwe vya bodaboda na hata walimu.

Nianze na msimamo wangu usije ukanitafuta katikati ya mistari. Kutia data ni rahisi kotekote. Kinachozitofautisha ramani hizi mbili ni kile unachoweza kukitoa baadaye, ukiwa na shida nacho.

Bomba moja, ramani mbili

Chukua bomba lile la jirani na ofisi. Kwenye Google Maps unabonyeza pale kwa muda kidogo, unachagua kuongeza mahali, unaandika jina, unachagua aina, unapiga picha, unatuma. Dakika mbili hazifiki. Ukiwa kwenye mpango wao wa Local Guides unapata na pointi: mahali papya pointi 15, maoni 10, picha 5, na ngazi zinapanda kutoka 1 hadi 10. Vijana wanazipenda pointi hizi kuliko wanavyokiri.

Shida inakuja kwenye "aina". Orodha ya Google imejengwa kwa ajili ya mtu anayetafuta mahali pa kwenda: hoteli, saluni, benki, zahanati. Bomba la mtaa unalisukumizia kwenye kundi lisilo lake, kisha hakuna pa kuandika kwamba maji yake ni ya kisima, kwamba ndoo inalipiwa, au kwamba koki imekufa. Mtaro ndio kabisa. Huwezi kuuchora ukaandika upana na kina chake.

OpenStreetMap unaifungulia akaunti kwa baruapepe, unaingia kwenye kihariri chake kiitwacho iD ndani ya kivinjari, au unatumia programu ya simu kama Every Door au Vespucci. Unaweka nukta pale bomba lilipo, halafu unaipa sifa moja moja: man_made=water_tap, drinking_water=yes, fee=yes, nani analiendesha, linafanya kazi au la. Sifa hizi zina maneno ya Kiingereza kwa sababu mradi ulianzia Uingereza mwaka 2004, na mwanzoni zinachekesha. Kichochoro ambacho watu wawili hawapishani nacho kinaandikwa highway=footway, yaani kimo kwenye familia moja na barabara ya Morogoro. Lakini majina unaandika Kiswahili, na mkihitaji sifa ambayo haipo mnaweza kuianzisha wenyewe.

Kwa anayeanza, Google ni nyepesi zaidi, sitadanganya. Asiyetaka kuhangaika na sifa aanze na StreetComplete kwenye simu ya Android: anatembea mtaani, programu inamuuliza maswali mafupi ("njia hii ina lami?", "duka hili bado lipo?"), anajibu, jibu linaingia kwenye ramani.

Ila nikuonye kwa kosa langu mwenyewe. Siku zangu za kwanza nilikaa na kompyuta nikachora nyumba zaidi ya mia mbili juu ya picha ya setilaiti, bila kuangalia kwamba picha ile imesogea mita kadhaa kuelekea mashariki. Mwenzangu alipopita na GPS, njia yake ikakatiza katikati ya vyumba vya watu. Nilirudia kazi yote, mia mbili na ushee, usiku mmoja. Tangu hapo sichori kabla ya kulinganisha picha na nyayo za GPS za watu waliokwisha kupita.

Nani anakagua

Ukituma Google, ombi lako linapitiwa kwanza. Linaweza kukubaliwa papo hapo, likakaa siku kadhaa, au likakataliwa bila maelezo ya kutosha. Anayepitisha humjui, na hakuna ukurasa utakaokuonyesha nani alibadilisha nini mwaka juzi.

OpenStreetMap haina bawabu. Ukibonyeza kuhifadhi, mabadiliko yako yameingia, na mtu wa Kigali au Berlin anaweza kuyaona muda uleule. Ukaguzi unafanywa baadaye, na wachoraji wengine, na kila kitu kina historia: nani, lini, kilikuwaje kabla. Ukiharibu unarudishwa nyuma. Hii inawatisha wenyeviti wengi. "Kwa hiyo mtu yeyote anaweza kufuta mtaa wangu?" Anaweza, na utamwona kwa jina la akaunti yake, na mtaa utarudishwa.

Wala usidhani ukaguzi wa awali ni dawa. Google ilikuwa na chombo chake cha wananchi kuchora, Google Map Maker, kilichoanza 2008. Aprili 2015 watu wakakuta, karibu na Rawalpindi nchini Pakistan, alama ya Android ikiikojolea nembo ya Apple, imechorwa kama bustani. Chombo kikasimamishwa mwezi uliofuata, kikarudi, na hatimaye kikafungwa moja kwa moja Machi 2017. Upande wa pili nao una vituko vyake: wachezaji wa Pokémon Go waliwahi kuchora bustani za kubuni ndani ya OpenStreetMap ili viumbe vya mchezo vijitokeze karibu na nyumba zao. Binadamu ni walewale.

Kufungwa kwa Map Maker kuna jambo linalonigusa zaidi ya kituko cha Rawalpindi. Barabara na mitaa iliyochorwa na watu ilibaki ndani ya Google Maps, ikawa sehemu ya bidhaa. Lakini kifaa cha kuchorea majengo na mipaka kiliondoka. Uamuzi ulikuwa wa kampuni, na ni haki yake. Nyumba ni yake.

Kuitoa

Hapa ndipo nilipowaomba vijana waache simu wanisikilize.

Mvua za masika zinakuja. Ofisi ya kata inataka orodha ya mitaro yote yenye kina chini ya nusu mita, na nyumba zilizo ndani ya mita thelathini kutoka mto. Kama data iko OpenStreetMap, unaingia kwenye Overpass Turbo, tovuti ya kuichuja data hiyo, unaandika ombi fupi, unapata faili unalolifungua kwenye QGIS, programu ya bure ya kutengenezea ramani, au hata kwenye jedwali la kawaida. Unataka nchi nzima? Tovuti ya Geofabrik inatoa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, kila moja na faili lake, bure, bila kuomba ruhusa. Unachapisha bango kubwa kama mlango mlibandike ofisini, na hakuna atakayewadai.

Leseni yake inaitwa ODbL, na imetumika tangu Septemba 2012. Inadai mambo mawili makubwa: utaje kwamba data ni ya wachangiaji wa OpenStreetMap, na ukiiboresha hifadhidata hiyo ukaisambaza hadharani, uisambaze kwa masharti yaleyale. Hivyo kampuni inaruhusiwa kupata pesa kwa data yenu. Lieleweni hili mapema, kwa sababu kuna mtu atakayekasirika akiligundua baadaye. Hairuhusiwi kuichukua, kuiongezea, kuisambaza na kuifungia mlango.

Kwa Google, picha na maoni uliyotuma yanabaki yako, nayo inapata ruhusa pana ya kuyatumia duniani kote bila malipo. Vile ulivyochangia wewe binafsi unaweza kuvipakua kwa Google Takeout. Lakini kuchota maduka ya dawa yote ya kata, yakiwemo yaliyowekwa na majirani zako, ukatengeneza hifadhidata yako, masharti hayaruhusu. Kipengele cha kupakua eneo kwa matumizi bila bando kinakupa ramani ya kusoma ndani ya programu yao tu. Faili la kufanyia hesabu hulipati.

Mjadala huu si mgeni, na Tanzania imo ndani yake. Januari 2012 Benki ya Dunia ilitangaza makubaliano na Google ili data ya Map Maker itumike kwenye maafa na mipango ya maendeleo. Wachora ramani wakapiga kelele: mnawaambia wananchi maskini wachore bure, halafu wasiweze kuitumia kazi yao wapendavyo? Miezi michache baadaye benki ikafafanua kwamba itaunga mkono tu juhudi za wananchi zinazowaachia watumiaji haki ya kuipata bure data waliyoitengeneza. Tandale ilikuwa imeshachorwa mwaka 2011 na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi, ndani ya OpenStreetMap. Desemba mwaka huohuo mafuriko yakaipiga Dar es Salaam.

Ramani Huria ilipoanza 2015, ikiwakutanisha Benki ya Dunia, COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), vyuo na wakazi wa kata, ilifuata njia hiyohiyo. Wanafunzi walizunguka na wenyeji, mitaro ikapimwa, ramani zikachapishwa zikarudishwa kata. Kilichonivutia siku zote ni mipaka. Mipaka ya mashina, yale makundi madogo ya nyumba yenye mjumbe wake, haikuwa kwenye ramani yoyote, ilikuwa kichwani mwa wajumbe. Wakakaa wajumbe na karatasi na kalamu, wakabishana kuhusu mwembe upi ni wa nani, mstari ukachorwa. Ujuzi wa namna hiyo hauonekani kutoka angani.

Mashine inaona paa

Kijana mmoja aliyesomea kompyuta aliniuliza kwa nini tunahangaika wakati akili bandia inachora yenyewe. Swali zuri, na jibu lake linavunja dhana kwamba Google imefunga kila kitu. Mwaka 2021 Google ilitoa Open Buildings, mistari ya majengo milioni 516 barani Afrika yaliyotambuliwa na kompyuta kutoka picha za setilaiti, kwa leseni huria, unapakua kama ulivyo. Microsoft nayo ilitoa karibu milioni 18 ya Tanzania na Uganda. Wachoraji wa OpenStreetMap wanayatumia, baada ya kuyakagua kwa macho.

Kwa hiyo msiupoteze muda wa vijana kwenye paa. Mashine itachora paa. Haitajua kwamba paa lile ni msikiti, hili ni ghala la mkaa, na lile la tatu ni vyumba kumi vya kupanga vyenye choo kimoja. Wapelekeni vijana kwenye majina, matumizi na hali.

Kama kijiji chenu kinaonekana vibaya kwenye setilaiti kwa sababu ya mawingu, droni ni njia nyingine. Zanzibar walifanya hivyo kuanzia 2016: Kamisheni ya Ardhi pamoja na wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walirusha droni wakaipiga picha Unguja na Pemba, na picha zikawekwa wazi. Ila droni inahitaji kibali. Msirushe kwanza mkauliza baadaye.

Nani ataiona

Hapa Google inashinda, na sioni haja ya kuzunguka. Mteja anayetafuta duka la dawa saa nne usiku anafungua Google Maps. Foleni ya Ubungo inaonekana Google Maps. Fundi simu, mama ntilie, gereji, mwenye nyumba ya wageni: kama shida yako ni watu wakufikie, jiandikishe kama mwenye biashara, thibitisha, weka saa za kufungua na namba ya simu. Usiku wa leo, usisubiri kikao.

OpenStreetMap ina wasomaji ambao huwaoni. Ndiyo iliyo chini ya Organic Maps na OsmAnd, programu zinazofanya kazi bila bando, jambo ambalo mtu wa Kigoma vijijini analielewa kuliko wa Masaki. Imo ndani ya ramani za Facebook. Muungano wa Overture, ulioanzishwa Desemba 2022 na Amazon, Meta, Microsoft na TomTom, unachota humo. Nayo mashirika ya misaada yanaitegemea: mradi wa Missing Maps, ulioanza 2014, uliwaleta pamoja Msalaba Mwekundu wa Marekani na Uingereza, Madaktari Wasio na Mipaka na HOT (timu ya misaada ya kibinadamu ya OpenStreetMap), kwa ajili hasa ya kuchora mahali ambapo ramani ni tupu kabla maafa hayajafika.

Kibera ndiyo mfano ninaoutoa kila mara. Hadi 2009 eneo lile lenye watu wengi namna ile lilikuwa karibu tupu kwenye ramani. Vijana wa Map Kibera wakatembea na GPS, wakaweka vyoo, zahanati, shule, mabomba. Na mkoani Mara, wachoraji wa Crowd2Map wamekuwa wakijaza vijiji na njia tangu 2015. Moja ya matumizi yake ni kuwawezesha wanaowaokoa wasichana wanaokimbia ukeketaji kufika kijijini usiku bila kupotea. Biashara ya matangazo isingekuwa na sababu ya kuichora njia ile ya ng'ombe.

Visivyowekwa popote

Daftari la vijana lilikuwa na safu moja ya ziada waliyoibuni wenyewe: wazee na wagonjwa wasioweza kutembea, wa kubebwa mafuriko yakija. Wazo jema kabisa. Mmoja alikuwa ameshaanza kuandika majina kwenye ramani ya wazi, tukamzuia.

OpenStreetMap haitaki taarifa za mtu binafsi, na hata ingezitaka, ikishaingia historia inabaki. Google nako si mahali pake. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ila hata bila sheria, mgonjwa hakukuomba umtangaze. Orodha kama hiyo ikusanywe kwa fomu yenye nenosiri, KoboToolbox kwa mfano, au ibaki kwenye daftari ndani ya kabati la mwenyekiti. Mjumbe wa shina anawajua wazee wake bila pini.

Mtego wa kunakili

Kitu kimoja kinawaponza wengi. Huruhusiwi kuangalia Google Maps ukanakili jina la barabara au mstari wake ukauweka OpenStreetMap. Si kwa picha zao, si kwa majina yao. Tumia picha za setilaiti za Bing, ambazo Microsoft iliziruhusu kwa kazi hii tangu 2010, au nyingine zilizomo ndani ya kihariri. Na kuchota kwa wingi kutoka OpenStreetMap kwenda Google nako kunagongana na leseni ya ODbL.

Lakini kile mlichokiona kwa macho yenu na kukiandika kwa mkono wenu ni chenu. Mnaweza kukitia huku na kule. Hii ndiyo ilimaliza ubishi wetu siku ile: daftari ndilo chanzo, ramani zote mbili ni mahali pa kupeleka. Kwa hiyo lindeni daftari, pigeni picha kila ukurasa, andikeni tarehe.

Tukagawana. Maduka ya dawa, zahanati na ofisi ya mtaa vikaingia kotekote. Mabomba, mitaro, vichochoro na mipaka ya mashina vikaingia OpenStreetMap peke yake. Safu ya wazee ikakatwa kwa mkasi akapewa mwenyekiti. Kama ingekuwa kijiwe cha bodaboda kinachotafuta abiria ningewaambia waanze na Google na wasijisumbue na sifa za Kiingereza. Kama ingekuwa kamati ya maji ya kijiji ningewaambia wasiiguse Google mpaka wamalize OpenStreetMap.

Wiki tatu baadaye ramani ikachapishwa, ikabandikwa ukutani pa ofisi. Mama mmoja aliyekuja kugongewa muhuri wa barua akaitazama, akaweka kidole juu ya bomba la tatu kutoka kona. "Hili limekufa tangu Pasaka," akasema. Kijana aliyekuwa zamu akamwamkia, akamuuliza upande gani hasa, akatoa simu, akabadilisha hali ya bomba hapohapo amesimama, kisha akachukua kalamu nyekundu akaliweka alama na kwenye karatasi.